Nilimponza baba kwa riba ya juu

KUNA kitabu kidogo cha akiba ambacho nimekihifadhi kabatini kwa zaidi ya miaka 20, tangu baba alipofariki. Jalada lake limefifia na benki iliyokitoa haipo tena. Juma lililopita nilikitoa nikamwonyesha mwanangu aliye chuo kikuu, kwa kuwa alikuwa amenijia na maneno yale yale niliyowahi kumwambia baba: "Pesa hazifai kulala."

Baba alikuwa karani wa reli jijini Nairobi. Alistaafu mwishoni mwa mwaka 1992 akiwa na kiinua mgongo cha Sh240,000. Alikuwa ameshazipangia kazi: kujenga nyumba ya mawe kijijini na kununua ng'ombe wawili wa maziwa. Huku akitafuta fundi, aliziweka katika benki kubwa ya zamani, yenye foleni ndefu na riba ndogo.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa biashara, mwaka wa pili, na kichwa kilikuwa kimevimba kwa vitabu. Nilijua kwamba serikali ilikuwa imeacha kuzipangia benki viwango vya riba tangu Julai 1991. Tena bei madukani zilikuwa zikipanda ovyo. Mwaka 1993 mfumko ulifikia wastani wa asilimia 46. Nikamketisha mzee, nikamfanyia hesabu kwenye karatasi. Nikamwambia pesa zake zinaliwa na mchwa, na kwamba kuna benki changa mjini inayotoa riba maradufu.

"Mbona hao wanatoa zaidi ya wengine?" akauliza.

Nilicheka. Nikamwambia hayo ndiyo mashindano ya soko huria. Mama, aliyekuwa akichambua mboga, alisema yeye angependa ng'ombe anayeonekana. Hatukumsikiliza. Baba alimwamini mwanawe msomi, akahamisha pesa zote.

Miezi michache baadaye tulikuta milango ya benki imefungwa, tangazo limebandikwa kwenye kioo na askari wawili wamesimama mbele. Akina mama walikuwa wameketi kwenye ngazi wakilia. Baba hakulia. Alirudisha kitabu chake mfukoni, akasema, "Twende nyumbani, mama yako anangoja." Njia nzima hakunena tena.

Jibu la swali lake nililipata nikiwa nimechelewa. Benki kadhaa zilifungwa nchini mwaka ule wa 1993. Katika baadhi yake, wakubwa walikuwa wamejikopesha wenyewe na rafiki zao pesa za wateja, na mikopo hiyo haikulipwa. Benki iliyopungukiwa hivyo husaka amana mpya kwa udi na uvumba, na chambo chake ni riba. Wala haikuwa rahisi kuishuku, maana hata serikali ilikuwa ikikopa kwa bei ghali: riba ya hati za hazina za siku 91 ilipita asilimia 70 mwaka huo.

Hazina ya kulinda amana ilimlipa baba Sh100,000, kiwango cha juu kilichoruhusiwa na sheria wakati huo. Sh140,000 zilizobaki aliambiwa asubiri madeni ya benki yakusanywe na mali yake iuzwe. Alisubiri hadi alipofariki mwaka 2004. Ng'ombe alinunua mmoja. Nyumba ya mawe haikujengwa. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Sasa mwanangu alitaka kuchukua karo ya muhula aiweke katika mpango alioupata kwenye simu, unaoahidi asilimia 10 kila mwezi. Sikumkaripia. Nilimpa kitabu cha babu yake, nikamsimulia haya yote. Nikamweleza kwamba tangu Julai 2020 kinga ya amana ni hadi Sh500,000, lakini ni kwa amana zilizo katika benki zenye leseni. Mipango ya simuni haina mlinzi.

Sikumkataza kuwekeza. Mimi mwenyewe nilinunua hisa za Safaricom kwa Sh5 kila moja zilipouzwa kwa umma mwaka 2008, zikashuka chini ya bei hiyo kabla ya mwaka kwisha. Nililala usingizi, maana zilikuwa pesa za ziada, si karo wala kodi ya nyumba.

Alinyamaza, kisha akauliza, "Lakini hao wanatoa wapi hiyo asilimia 10?"

"Waulize," nikamjibu.

Aliwaandikia. Walimjibu kwamba nafasi zilikuwa zikielekea kwisha, afanye haraka. Jumatatu alilipa karo.

Msomaji, mwanao msomi akikuletea hesabu tamu kwenye karatasi, muulize swali la baba yangu. Akikosa jibu, msikilize yule anayechambua mboga.