Gari la Kutumia Maji: Soma Hapa Kabla Hujachukua Mkopo

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara unayebeba mazao ya wenzako kwenda sokoni, msimu huu swali ninaloulizwa zaidi si la viwavijeshi wala la bei ya mbolea. Ni hili: "Bwana shamba, ni kweli gari linaweza kutembea kwa maji?"

Naelewa linakotoka. Mafuta yakipanda, bei ya kabichi haipandi nayo. Huku milimani Mgeta anayemiliki kirikuu anajua kwamba faida yake yote iko kwenye tanki. Kijana fundi wa hapa kwetu, mwenye akili na mikono mizuri, alitengeneza mtambo wa "gesi ya maji" akaufunga kwenye gari la mteja wake. Habari zikaenea. Wanachama watano wa kikundi cha VICOBA wakapanga kukopa ili nao wafungiwe. Mama mmoja kati yao, mnunuzi wa kabichi na karoti, akaniambia, "Njoo uangalie kwanza, hela ya kikundi si yangu peke yangu." Nilikwenda. Haya ndiyo niliyoyaona, na hesabu yake.

Mtambo wenyewe

Ni chupa nene yenye kifuniko. Ndani kuna sahani za stenlesi zilizopangwa karibu karibu bila kugusana, na maji yaliyochanganywa na kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Waya mmoja unatoka chanya ya betri, mwingine hasi. Umeme ukipita, maji yanagawanyika: sehemu mbili haidrojeni, sehemu moja oksijeni. Mapovu hupanda, mpira huyapeleka kwenye njia ya hewa ya injini.

Hapa hakuna uongo wala uchawi. Maji yaligawanywa kwa umeme London mwaka 1800, na William Nicholson na Anthony Carlisle. Gesi ile inawaka kweli, na ukiwashiwa mbele ya macho yako utashangaa. Ndiyo maana watu wanaamini. Lakini kuona gesi ikiwaka si sawa na kuona mafuta yakipungua kuliwa.

Hesabu

Fikiria majivu. Majivu ni kuni zilizokwisha kuungua, huwezi kuyawasha tena. Maji nayo ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Ukitaka iwake tena lazima kwanza urudishe moto wote uliotoka, na katika kurudisha, mwingine unapotea njiani.

Moto huo unatoka wapi? Betri haizai umeme, inajazwa na alteneta. Alteneta inazungushwa na mkanda wa injini. Injini inakunywa petroli. Kwa hiyo gesi yako imetengenezwa kwa petroli ile ile unayotaka kuiokoa. Injini ya petroli hugeuza takriban robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo, nyingine hutoka kama joto. Alteneta nayo hupoteza karibu nusu. Mtambo wenyewe ukichemka, hilo nalo ni umeme unaopotea.

Tuseme mtambo una vyumba sita vilivyopangwa vizuri, unakula ampea 10. Kwa saa nzima, gesi yake ina nguvu sawa na mililita 8 hivi za petroli. Hazijazi vijiko viwili vya chai. Kuzalisha umeme wa kutoa gesi hiyo, injini imekunywa zaidi ya mililita 100, nusu kikombe. Unatoa nusu kikombe ili upate vijiko viwili. Hata mnada wa mbuzi hauna biashara mbaya hivyo.

Kuna watakaokuambia Wazungu wameficha siri. Huko Marekani, Stanley Meyer wa jimbo la Ohio alijulikana sana kwa gari alilodai linatumia maji. Wawekezaji wawili walimpeleka mahakamani, na mwaka 1996 mahakama ikaona ni ulaghai, ikaamuru warudishiwe dola zao 25,000.

Tulivyopima

Mwenye gari alisisitiza kwamba mafuta yamepungua. Nilimuuliza alipimaje. Alitazama mshale wa tanki alipofika Morogoro mjini. Sasa fikiria mwenyewe: kutoka Mgeta kwenda mjini ni kushuka. Hata bila mtambo gari hunywa kidogo. Tena mtu akijua anajipima, mguu wake unakuwa mwepesi kwenye mafuta.

Tukakubaliana hivi: tanki lijazwe mpaka shingoni kituo kile kile, safari ya kwenda na kurudi, mzigo uliopimwa kwenye mizani, dereva yule yule. Safari nne mtambo ukiwa umezimwa, nne ukiwa umewashwa, kwa kupokezana. Kila safari tunajaza tena na kuandika daftarini. Mama yule ndiye aliyeshika daftari, maana yeye hana gari la kutetea wala mtambo wa kuuza. Mwisho wa safari nane, zile zenye mtambo zilikuwa zimekula zaidi kidogo. Kikundi hakikuchukua mkopo.

Kipimo hiki kitumie kwa kila kinachodaiwa kuokoa mafuta: vidonge vya tanki, sumaku za bomba, na kadhalika. Muuzaji akikataa upime hivyo, umeshapata jibu.

Hatari

Hela ni jambo dogo kuliko hili. Kwenye kirikuu nyingi injini iko chini ya viti. Chupa ile ilifungwa humo humo, na viti hivyo ndivyo wanavyokalia mama na mtoto.

Haidrojeni huwaka ikiwa asilimia 4 tu ya hewa, mpaka asilimia 75. Cheche ndogo sana inatosha. Na gesi hii imeshachanganyika na oksijeni yake, kwa hiyo injini ikirudisha moto kwenye mpira, chupa hupasuka na kumwaga kostiki inayounguza ngozi na kupofusha macho. Kostiki ikikurukia, mwagia maji mengi safi bila kukoma, kisha nenda zahanati.

Wengine huweka chumvi badala ya kostiki. Chumvi hutoa gesi ya klorini, ni sumu kwa mapafu. Ikikutana na sahani za stenlesi huacha tope la kahawia lenye kromiamu ya sumu. Tope hilo usilimwage shambani wala karibu na mfereji.

Ujuzi wa kijana usipotee

Nilimwambia fundi wetu kwamba kazi yake nzuri iko mahali pasipofaa. Umeme na maji vina kazi nyingine: kuondoa kutu. Chukua ndoo ya plastiki, maji na magadi kidogo. Jembe au ulimi wa plau lenye kutu lifunge kwenye hasi ya betri. Kipande cha chuma chakavu cha kawaida, si stenlesi, kifunge kwenye chanya. Visigusane. Acha saa kadhaa, zima, toa, sugua kwa brashi, kausha na upake oili. Fanyia nje penye upepo, mbali na moto na sigara, maana hata hapa haidrojeni inatoka. Sasa anasafisha plau na spea za mashine ya kusaga, na analipwa.

Kinachopunguza mafuta kweli

1. Pima upepo wa tairi kila wiki. Tairi laini hula mafuta.
2. Safisha au badilisha chujio la hewa. Vumbi letu huliziba mapema.
3. Kagua plagi, na breki zisiwe zinashika wakati gari linatembea.
4. Zima injini wakati wa kupakia.
5. Usirudi mtupu. Mzigo wa mbolea au dukani wakati wa kupanda unalipa sehemu ya petroli ya safari nzima.
6. Andika kila lita na kila kilo. Wenye magari watatu mkipanga zamu na kujaza gari moja, mmeokoa kuliko mtambo wowote.

Hilo la sita halihitaji mkopo. Linahitaji daftari, kalamu, na kuaminiana.