Zima Motokari Kwanza

Ninyi mnaosafiri kati ya Butembo na Beni mnawajua vijana wanaouza esanse kando ya njia, na chupa zao na bidoni za manjano. Watu huwaita Kadafi, kwa jina la yule mtawala wa Libya aliyeuawa mwaka 2011, kwa kuwa nchi yake ina mafuta mengi. Jina ni la mtawala, lakini mwenye kuitwa ni mtoto wa watu tu, mara nyingi hana hata viatu vizuri.

Siku moja mjomba wangu alinichukua katika motokari yake kwenda Beni, mwendo wa kilometa zaidi ya 50. Kabla ya kutoka Butembo alisimama kwa kijana mmoja. Hakuzima injini, wala sigara hakuiacha. Alisema dirishani, "Lita kumi, upesi."

Kijana alifungua bidoni, kisha akasimama. Hakumimina. Macho yake yalikuwa kwenye sigara. Mimi nilielewa, naye alijua kwamba nimeelewa, lakini sote wawili tulinyamaza. Yeye alikuwa muuzaji mbele ya mnunuzi. Mimi mpwa mbele ya mjomba, tena ninabebwa bure. Kwetu mdogo hamwambii mkubwa, "Zima." Mjomba akapiga honi.

"Unaogopa nini? Butembo ni baridi!"

Baridi! Esanse hutoa mvuke hata katika baridi ya kugandisha maji. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, hauonekani, na cheche moja yatosha. Tena nani kwetu asiyejua habari za Sange, Kivu ya Kusini? Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale, likawaka, wakafa watu zaidi ya 230. Nilijua yote hayo, nikatazama milima.

Aliyesema ni mama mmoja muuza ndizi. Wala hakupaza sauti.

"Baba, huyo mtoto ana mama yake."

Mjomba akazima injini. Alitaka kuitupa sigara pale pale. Kijana akaruka nyuma na bidoni yake. Basi mjomba akashuka, akavuka njia, akaikanyaga kwenye matope mbali. Aliporudi alilipa bila kubishania bei, jambo nisilopata kuliona kwake.

Hatukusemezana mpaka tulipopita Maboya. Kwenye kushuka Kabasha ndipo alipouliza:

"Na wewe uliona?"

"Niliona, mjomba."

"Mbona hukusema?"

Sikuwa na jibu. Ningaliweza kusema kwa adabu, "Mjomba, niruhusu nikuzimie." Maneno matatu tu, wala hayamvunjii mtu heshima.

Jioni, tulipotaka kurudi, alisimama tena kwa kijana mwingine pale Beni. Nikanyoosha mkono kwenye ufunguo. Alikwisha kunitangulia.