Niliingia Nyumbani Kwangu kwa Kupitia Dirishani



Siku niliyoingia nyumbani kwangu kwa kupitia dirishani, mwanangu alikuwa ameketi nje juu ya ndoo, akihema kama mtu aliyepanda mlima kwa mbio, na dawa yake ilikuwa ndani, hatua mbili kutoka mlangoni. Nimekaa na jambo hili kwa muda kabla ya kuliandika, kwa kuwa ndani yake mna lawama, na sehemu ya lawama hiyo ni yangu.

Nyumba yetu ni ya magurudumu. Wakazi wa Karatu watakumbuka kwamba barabara ya kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu hadi lango la Ngorongoro ilitiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika kazi za barabara, mafundi mara nyingi hulala katika matela yenye vyumba vya mbao na bati, yanayovutwa na lori kutoka kambi hadi kambi. Tela moja kuukuu la aina hiyo lilikuwa likiuzwa katika gereji mjini, nasi tulikuwa tumechoka kuhama kila kodi ilipopandishwa. Mume wangu ni dereva wa watalii. Mimi hununua vitunguu Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, nikaviuza sokoni Karatu. Tukaunganisha fedha zetu, nusu yake na nusu yangu, tukalinunua na kulivuta hadi katika kiwanja tulichokodi. Kiwanja ni cha mtu, lakini nyumba ni yetu. Siku mwenyewe akikihitaji, tutaivuta tuondoke nayo.

Stakabadhi iliandikwa jina la mume wangu peke yake. Sikusema neno. Mlango ulikuwa na kufuli lenye funguo mbili, na zote mbili zilikaa katika pete moja mfukoni mwake. Alipokwenda safari alichomoa mmoja akautundika kwenye msumari. Aliporudi akaurudisha katika pete. Hapo pia sikusema neno. Nilijiambia kwamba huo ni wepesi kwangu, maana asiyeshika ufunguo haulizwi umepotelea wapi.

Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati ambapo ukungu hushuka kutoka msituni na baridi ya Karatu huingia mifupani. Mume wangu aliondoka alfajiri na wageni, walale kambini kwenye ukingo wa kreta. Mchana nikaletewa habari kwamba shangazi yangu amelazwa. Nikamshika mkono mwanangu Yusuf, mwenye miaka 7, nikabana kufuli, kwani ni la aina ile inayojifunga yenyewe, na nikaenda zangu nikiamini kwamba ufunguo nimekwisha kuutia mkobani. Sikutazama msumarini wala mkobani. Haraka ile ni kosa langu, wala simsukumii mtu.

Tuliporudi baada ya Alasiri nilimwaga mkoba wote juu ya kanga. Ufunguo haukuwamo. Nilipiga simu, haikupatikana. Mume wangu alinipigia mwenyewe wakati wa Magharibi, akapapasa mfuko wake tungali tunaongea, kisha akanyamaza. Funguo zote mbili zilikuwa naye.

Anayeijua Ngorongoro anajua kwamba magari hayapiti lango la Lodoare baada ya saa 12 jioni. Asingeweza kushuka hadi asubuhi. Akasema, "Mama Yusuf, nendeni mkalale kwa jirani." Ulikuwa ushauri mwema, na tungeufuata, lau si kifua cha Yusuf. Mwanangu ana pumu, na baridi ile ilikuwa imekwisha kumshika. Dawa yake, ile ya kuvuta kwa mdomo, ilikuwa rafuni juu ya kitanda. Kijana mmoja alikimbia kututafutia gari la kwenda hospitali, nami nikabaki nautazama mlango wangu.

Jirani yetu ni seremala, mzee wa Kiiraqw. Alikuja na bisibisi na tochi, lakini hakugusa kitu. "Mwanangu," akaniambia, "kwanza tumwite balozi." Nilikasirika. Nikamwambia, "Babu, hii ni nyumba yangu, mtoto anakosa pumzi!" Akajibu kwa upole, "Ndiyo maana nataka awepo mtu wa kusema kesho kuwa ni yako." Balozi wa nyumba kumi anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, hivyo hakuchelewa. Akauliza kama inavyompasa: "Nyumba hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Maandishi yapo?"

"Yamo ndani," nikasema, na sauti ikapungua, "nayo yana jina la Baba Yusuf."

Sijapata kuona haya kama niliyoiona pale. Miaka yote ya kuamka usiku kuwahi lori la Mang'ola haikuwa na karatasi hata moja ya kuisemea. Aliyenisemea ni mama mmoja muuza vitunguu mwenzangu. "Fedha zake zile nilizihesabu naye kwa mikono yangu," akasema. Balozi akatikisa kichwa, akamwashiria mzee aendelee.

Mzee alilipima kufuli, akaona kulikata kutachukua muda mrefu. Bawaba za mlango zimefichwa kwa ndani. Lakini kioo cha dirisha la tela hakikupigiliwa misumari. Kimeshikwa na utepe wa mpira pande zote. Alianza pembeni kwa ncha ya bisibisi, akauvuta mpira ule polepole kama mtu achomoaye kamba ya suruali, kisha akakipokea kioo kwa viganja viwili, kizima. Nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo, hakuna wa kuipita ila mimi. Wanaume wakageuka kando, nami nikajifunga kanga, nikapanda juu ya ndoo, nikaingia kichwa mbele na kuangukia kitandani mwangu.

Nilimpitishia Yusuf dawa dirishani. Alhamdulillah, kifua kilianza kutulia kabla gari halijafika. Hospitali tulikwenda hata hivyo, kwani pumu si ya kuchezewa. Tuliporudi usiku, mzee alikuwa amekirudisha kioo mahali pake kwa mpira uleule, na tukalala kwake.

Usingizi haukuja upesi. Nilikumbuka darsa ya Surat Al-Baqara, kwamba kabla ya Uislamu baadhi ya Waarabu walipokuwa katika ihramu waliacha milango wakaziingia nyumba zao kwa nyuma, wakidhani huo ni uchamungu. Mwenyezi Mungu akawafundisha kwamba wema hauko huko, bali katika kumcha Yeye, na kwamba nyumba ina mlango wake wa kuingilia. Nikajiuliza: mimi niliyetoa nusu ya fedha, kwa nini nimeingia kama mwizi? Nikawakumbuka pia majirani zetu Wamasai wa Ngorongoro. Kwao mke ndiye aijengaye nyumba, kwa fito, udongo na samadi, naye ndiye mwenyewe. Usiku lango la boma huzibwa kwa matawi ya miiba, lakini mwanamke haombi ufunguo wa nyumba aliyoikandika kwa mikono yake.

Mume wangu alirudi siku ya pili adhuhuri. Alimkumbatia mwanawe kwanza. Kisha akaliona dirisha, akasema, "Kulikuwa na haja gani ya kumwita balozi? Mambo yetu yamekuwa ya mtaa mzima." Nilikuwa nimejiandaa kupaza sauti, lakini haikutoka. Nikamwambia tu, "Baba Yusuf, balozi aliniuliza nyumba hii ni ya nani. Nilikosa jibu la kumwonyesha. Je, ungekuwa umetangulia mbele ya haki, ningelala wapi?"

Hakujibu. Alitoka, nikadhani amekwenda msikitini kutuliza hasira. Alirejea baada ya Alasiri na funguo nne, mbili za zamani na mbili mpya alizochongesha sokoni. Mmoja akanipa mkononi, mmoja akampelekea yule mzee seremala na kumshukuru. Ule wa tatu tumeuweka pamoja na stakabadhi, ambayo sasa ina karatasi ya pili: maandishi kwamba nyumba ni yetu sote wawili, yenye saini zetu na za mashahidi wawili, mmoja wao balozi. Alipomaliza kuandika alisema, "Nilidhani ninakulinda." Namwamini. Alinilinda kwa namna aliyoijua.

Katika darsa zetu tumesimuliwa habari ya ufunguo wa Al-Kaaba. Mwaka wa 8 Hijria, Mtume wetu (saw) alipoingia Makka kwa ushindi, ufunguo ulichukuliwa kutoka kwa Uthman bin Talha. Palikuwa na waliotamani kuushika, na Mtume (saw) alikuwa na uwezo wa kumpa amtakaye. Aliurudisha kwa Uthman, na ukoo wake ndio ulioushika hadi leo. Kama ufunguo wa Nyumba Tukufu ulirudishwa kwa mwenyewe kama amana, sembuse ufunguo wa tela la bati lililoko Karatu?

Ndugu msomaji, tafadhali usiisome habari hii kama kesi ya mke dhidi ya mumewe. Mimi nilinyamaza mara mbili, kwenye stakabadhi na kwenye ufunguo, nikauita unyamavu wangu adabu. Usiku huu, watoto wakishalala, ulizaneni kwa upole: nani ana ufunguo, karatasi zina jina la nani, na jirani gani atasema kweli kwa ajili yenu mmoja wenu asipokuwapo. Ni mazungumzo ya robo saa. Mimi niliyafanya juu ya ndoo, gizani, mwanangu akitafuta pumzi.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu, na atujaalie kuwa waaminifu katika amana tulizopeana. Amin.