Van Dijk wawili

Mwaka 2013 ilitoka gemu ya mpira inaitwa FIFA 14, Messi kwenye kava, na kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa inauzwa kwa PS2, PS3 na PS4. Vizazi vitatu vya mashine, jina moja. PS2 ilikuwa imeingia madukani Japani Machi 2000. PS4 ndiyo kwanza imezaliwa, Novemba ya mwaka huohuo wa 2013. Aliyenunua ya kwanza na aliyenunua ya mwisho wote wangeweza kukuambia "nina FIFA 14", na wote wangekuwa wanasema kweli, lakini ukiwaweka kijiweni waijadili ungeona hawaelewani. Wa PS2 alikuwa na gemu ya miaka mingi nyuma iliyovalishwa jezi mpya na kubadilishiwa majina ya wachezaji. Wa PS4 alikuwa na kitu kingine kabisa.

Watu wakilinganisha mashine hizi huanza na picha. Jasho kwenye paji la uso, nyasi, wavu unavyotikisika. Sina ubishi na hilo: PS2 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32, PS5 ina gigabaiti 16, yaani zaidi ya mara mia tano. Lakini kwangu picha ndiyo tofauti ndogo kuliko zote. Macho huzoea ndani ya wiki moja. Kidole ndicho hakizoei.

Mimi kidole changu kilifundishwa Magomeni, kwenye banda la gemu lenye TV nne za chogo na mabenchi ya mbao, shilingi mia mbili kwa mechi, mshindi anabaki. Gemu ilikuwa PES 6, PS2 imechipuliwa, diski imeandikwa kwa kalamu ya maka. Ukibonyeza X, mpira umeshatoka. Ukibonyeza mraba, shuti limepigwa, na kama aliyepiga ni Adriano wa Inter, ambaye nguvu yake ya shuti ilikuwa 99, kipa anabaki kuokota tu. Pale bandani Adriano alipigwa marufuku kwa kura. Makosa yalikuwa mengi: Chelsea haikuitwa Chelsea, iliitwa London FC, na Liverpool ikawa Merseyside Red, kwa sababu haki za majina hazikununuliwa. Hakuna aliyejali. Tulijua nani ni nani kwa nywele na mwendo.

Kilichokuwepo kwenye PES 6 ni kwamba mchezaji hakuwa na mwili wa kukuzuia. Ukimwambia geuka, anageuka. Ukikosea, umekosea wewe, na benchi zima linajua ni wewe, na maneno utakayoyasikia siwezi kuyaandika hapa.

Sasa chukua FIFA 22 kwenda mbele, kwenye PS5. Watengenezaji, EA, waliwavalisha wanasoka 22 nguo zenye vihisio, wakawachezesha mechi kamili, na kompyuta ikajifunza miili inavyokwenda kutokana na fremu zaidi ya milioni 8. Matokeo yake mchezaji kwenye kioo ana uzito. Ukibonyeza pasi wakati mguu wake wa kushoto uko hewani, inabidi amalize hatua, ajipange, ndipo apige. Ni nusu ya nusu ya sekunde, lakini kwa mtu aliyefundishwa na PS2 hiyo ni safari. Kule zamani unamwamuru. Huku unamwomba, naye anakukubalia akiwa tayari. Wapo wanaosema hivyo ndivyo mpira ulivyo, na wana hoja: hata mimi uwanjani mguu wangu haunitii papo hapo. Ila nikiwa uwanjani nauhisi huo mguu. Kwenye kochi siuhisi, naona tu umechelewa.

(Na mpaka leo nacheza FIFA kwa mpangilio wa vitufe vya PES, shuti kwenye mraba. Kuna vitu mtu habadilishi ukubwani.)

Wala si kweli kwamba mashine mpya huja na gemu iliyotimia zaidi. Mwaka 2006 PES 6 yenyewe ilitoka pia kwa Xbox 360, mashine ya kisasa ya wakati ule. Picha nzuri, lakini sehemu ya kuhariri timu ilikatwakatwa, ile ambayo watu wa PS2 walikaa nayo usiku kucha wakiigeuza London FC kuwa Chelsea. Mwaka uliofuata PES 2008 ikaja PS3 na ikawa inakwama, picha zinapungua mwendo mpira ukifika golini, wakati yenye jina hilohilo kwenye PS2 ilikuwa inateleza kama kawaida. Mashine ilikuwa na nguvu, watengenezaji walikuwa bado hawajaijua. Ndiyo maana mabanda mengi mtaani yalikaa na PS2 muda mrefu. Umaskini ulikuwepo ndiyo, lakini haukuwa sababu pekee. Ile gemu ilikuwa imekamilika, lenzi ikichoka fundi anabadilisha, na hakuna aliyekuja kuisasisha usiku ukaamka asubuhi ukakuta winga wako amepunguzwa kasi.

Nayasema haya nikiwa mtu anayezidai hizi mashine mpya kitu kimoja tu, na kitu chenyewe ni kaka yangu.

Yuko Muscat tangu 2016. Kwa simu ni mtu wa "niko poa, mama mzima? Haya." Dakika mbili, amekata. Hata video hapendi, anasema anajiona amezeeka. Lakini mpe pedi mkononi, macho yawe kwenye mpira, atazungumza saa nzima. Tulianza kucheza mtandaoni nilipopata PS4 ya mkononi. Akaunti yangu inadai naishi Uingereza, maana Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi unazochagua, na bando linakwisha kama maji. Mimi natoka gazetini saa nne usiku, kwake ni saa tano. Humohumo kati ya kona na mpira wa kurusha ndimo nilimojua kwamba aliachishwa kazi ya kwanza akakaa miezi miwili bila kutuambia. Aliniambia dakika ya 70, tukiwa sare. "Dogo, usimwambie mama," akasema, kisha akapiga krosi.

Mwisho wa 2022 akanunua PS5 na diski ya FIFA 23. Mimi nilikuwa na FIFA 23 hiyohiyo kwenye PS4. Nikamtumia mwaliko haukufika, akanitumia wake haukufika. Tukazima mashine, tukawasha, tukalaumu mtandao wa huku, tukalaumu wa kule. Kumbe wala. FIFA 23 iliwakutanisha watu wa PlayStation na wa Xbox, ila kwa kizazi: PS4 na Xbox One upande mmoja, PS5, Xbox mpya na kompyuta upande mwingine. Kati yao pana ukuta.

Ukifikiri vizuri ukuta una sababu yake. Mechi ya mtandaoni inahitaji mashine zote mbili zikubaliane kila hatua, nani kafika kwenye mpira kwanza. Na hizi mbili haziwezi kukubaliana. Mfano ni Virgil van Dijk. Kwenye toleo la PS5 kuna utaratibu mpya wa kukimbia, wachezaji wamegawanywa: wanaochomoka ghafla, walio kati kwa kati, na warefu wenye nguvu ambao huchelewa kuanza lakini wakishashika kasi hawaachwi. Van Dijk ni wa kundi hilo la mwisho. Ukitoroka na winga wako mwepesi, unamwona nyuma anaongeza hatua, anaongeza, mara bega lake liko mbele ya lako. Kwenye PS4 utaratibu huo haupo. Huko Van Dijk ni beki mzuri, lakini ukimzidi hatua mbili umemzidi. Mtu mmoja, jezi moja, namba nne mgongoni, na bado ni watu wawili. Ukiwaweka mechi moja, mashine ya Muscat itasema kaukamata mpira, ya Magomeni itasema kaachwa.

Nimeelewa, lakini kuelewa hakukutusaidia. Tulikaa kama miezi mitatu tukirudia "niko poa, mama mzima? Haya." Mama ndiye aliyeliona kwanza. Aliniuliza, "Siku hizi kaka yako mmegombana? Sikusikii unapiga kelele usiku."

Dawa ilikuwepo, na ni ya ajabu kidogo. PS5 yenye mlango wa diski inasoma diski za PS4. Mtu akiiwekea FIFA 23 ya PS4, ile mashine kubwa inaicheza kama PS4 na inamkutanisha na watu wa PS4. Kaka akaenda kutafuta diski kuukuu ya gemu ambayo tayari anayo, akalipa mara ya pili kwa toleo pungufu. Siku ya kwanza alilalamika dakika kumi nzima. "Huyu Van Dijk ana nini? Anaumwa?" Nikamwambia karibu kwetu.

Mwaka 2023 mkataba wa jina kati ya EA na FIFA ulikuwa umekwisha, gemu ikabatizwa upya EA Sports FC, na FIFA 23 ikaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Mwenye diski anayo, asiye nayo asubiri ya mkononi. Wachezaji waliobaki mle wanazidi kuwa watu wa jana: Messi bado yuko Paris, Benzema bado yuko Madrid. Seva nazo huzimwa, ndiyo desturi ya gemu hizi, na zikishazimwa diski yangu na ya kaka hazitukutanishi tena. Anasema nisihangaike, atanitumia PS5 kupitia jamaa anayekuja likizo. Namjibu asubiri kwanza. Kidole changu kimechukua miaka mitatu kumzoea huyu Van Dijk wa PS4, na bado ndani ya nafsi naitaka ile mraba ya PES 6.

Alhamisi moja tulicheza tatu. Ya kwanza alinifunga 3–1. Ya pili umeme ulikatika nikiwa naongoza, akakataa kuihesabu. Ya tatu sare, na dakika ya 80 akanyamaza, nikajua kuna jambo linakuja. "Dogo, nafikiria kurudi," akasema. Sikujibu mara moja, alikuwa na kona. Nikaiondoa kwa kichwa, nikamuuliza, "Kurudi lini?"