Miaka Mitatu kwa Saba

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, sisi walimu tunaingia kwenye simu kutafuta kwanza shule yetu, kisha ya jirani, na wenye kijicho wanamalizia na ile ambayo mwalimu mkuu wake alijigamba kwenye kikao cha kata. Sijitoi. Ila kila msimu huo ukifika nawakumbuka watoto ambao ufaulu wao haukai vizuri kwenye hesabu zetu za asilimia na nafasi kiwilaya. Ni watoto wa MEMKWA.

MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ulianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya chache, Masasi na Kisarawe zikiwamo, kwa msaada wa UNICEF. Uliwalenga watoto ambao hawakuandikishwa kabisa, na wale walioandikishwa wakaishia njiani. Wa miaka 11 hadi 13 waliandaliwa kwa mtihani wa darasa la nne, na aliyefaulu aliingia la tano kwenye shule ya kawaida. Wa miaka 14 hadi 18 walisoma miaka mitatu, kisha wakakaa chumba kimoja na sisi tuliosoma saba, mbele ya karatasi ileile ya mtihani. Wapo walioshindwa, na wapo waliofaulu.

Sikuisoma habari hii kwenye ripoti. Nimekulia Masasi, na shangazi yangu alikuwa mwezeshaji. Kituo kilitakiwa kuwa na wawezeshaji wawili, mwalimu mwenye cheti na mtu wa hapohapo kijijini asiye mwalimu. Yeye alikuwa huyo wa pili, binti wa kidato cha nne ambaye matokeo yake hayakumfikisha mbali. Sisi tukitoka darasani mchana, wanafunzi wa kituo wanaingia. Tuliyaacha madawati yakiwa na joto letu. Hawakuvaa sare. Kuna aliyekuja na sinia la maandazi, akaliweka pembeni na kulifunika kwa kanga, na saa za kituo zikiisha akaendelea na biashara yake mpaka jioni. Masomo yalichukua kama saa tatu tu kwa siku, na saa zenyewe zilipangwa na kamati ya wazazi kwa kuangalia nani yuko shambani na nani yuko sokoni.

Shangazi hakuwa na mbinu yoyote ya chuoni. Alichofanya ni kuuliza. Kijana wa maandazi alijua kutoa kabla hajajua kuandika tarakimu. Ukimpa noti ya elfu moja kwa maandazi ya mia tatu na hamsini, anakurudishia chenji bila kufikiri. Kwa hiyo hesabu ya kutoa ilianzia kwenye chenji, na alama ya kutoa ikaja baadaye, kwa ajili ya kuandika jambo ambalo darasa zima lilishalijua. Sisi wa asubuhi tulianza na alama, tukaikariri, na wengine tulifika la tano tukiwa bado hatujui inatumika wapi. Fimbo shangazi hakuwahi kuishika. Siku moja nilimuuliza, "Shangazi, mbona hawa wako huwachapi?" Akacheka. "Nimchape nani, mwanangu? Yule mkubwa pale amekuja kwa miguu yake. Nikimchapa leo, kesho yuko standi."

Sasa nikiwa mwalimu ndipo naona uzito wa jibu lile. Mtoto wa shule ya kawaida ana sheria nyuma yake, ana mzazi, ana mtendaji wa kijiji. Hata somo likiwa baya, atakuja. Yule wa kituoni hakuwa na wa kumlazimisha, kwa hiyo kila siku shangazi alipaswa kumpa sababu ya kurudi kesho. Najiuliza ni wangapi kati yetu wenye vyeti wangebaki na wanafunzi darasani kama mahudhurio yangekuwa ya hiari.

Ada ya shule za msingi ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002, mafuriko ya wanafunzi yakaja. Nchi iliyokuwa na wanafunzi wa msingi wapatao milioni 4.4 mwaka 2000 ilikaribia milioni 8 ilipofika 2006. Darasa la kwanza likawa la watoto wa miaka saba na wanaokaribiana nao, na waliopita umri wakaelekezwa MEMKWA, ambayo sasa ilisambazwa nchi nzima. Vituo vingi vikafunguliwa haraka, baadhi vikiwa na ubao mmoja chini ya mwembe na kitabu kimoja cha kugombania. Nisiupambe mpango huu. Waliofika kwenye mtihani walikuwa wale waliovumilia, na nyuma yao kulikuwa na wengi waliopotea bila kuandikwa popote, kwa hiyo kuwalinganisha na darasa zima la shule ya kawaida si haki kwa upande wowote. Nilipomuuliza shangazi miaka mingi baadaye ni wangapi aliwafaulisha, aliniangalia kama mtu asiyelielewa swali. Yeye alikuwa akiwahesabu waliorudi baada ya msimu wa korosho.

Hata hivyo lile swali la miaka mitatu kwa saba haliniachi. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba maelfu ya vijana walikuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza hali hawajui kusoma wala kuandika. Miaka saba ya kengele, sare, mstari wa asubuhi na majaribio ya kila mwezi. Na bado kijana wa sinia la maandazi, kwa saa tatu za mchana, aliweza kusoma gazeti lililofungia sukari dukani. Kinachonijia ni kwamba muda tuliupa heshima isiyo yake. Mimi mwenyewe nilirudi kusoma stashahada nikiwa na watoto nyumbani, nikisoma usiku wakishalala, na nilielewa kwa haraka ambayo sikuwahi kuwa nayo nikiwa msichana. Akili ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba safari hii nilijua ninachokitafuta.

Waliohamia kwetu darasa la tano walikuwa warefu, sauti zikianza kuwa nzito, na jina la mpango likageuka tusi la uwanjani. Mtu akikosea jibu, "memkwa wewe!" Mmoja wao alikaa dawati moja na mimi. Kiingereza kilimtesa, lakini alikuwa na tabia iliyowakera walimu kadhaa, ya kunyoosha mkono na kuuliza jambo limetoka wapi. Kituoni alizoea kujibiwa. Kwetu aliambiwa akae chini, na kufikia muhula wa pili alikuwa amejifunza kunyamaza kama sisi.

Hapo ndipo naona tulipokosea kama nchi. Tuliwahamisha watoto kutoka kituoni kwenda shuleni, na ufundishaji tukauacha kulekule chini ya mwembe. MEMKWA ilichukuliwa kama kiraka cha kuziba pengo la waliochelewa. Posho za wawezeshaji zikacheleweshwa, mahali pengine zikakoma, na watu kama shangazi wakarudi mashambani kwao. Idadi ya wanafunzi wa vituo ikashuka mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyekwenda kumuuliza shangazi alifundishaje kutoa.

Waliochelewa hawajaisha. Tangu Novemba 2021 wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi, na kuna mpango wa IPOSA kwa vijana wanaotaka kusoma pamoja na ufundi. Sera mpya ya elimu inazungumzia miaka kumi ya elimu ya lazima. Yote ni mema. Lakini mwezi uliopita, kwenye kikao chetu cha walimu, tulibishana karibu saa nzima juu ya binti wa miaka kumi na mitatu aliyeletwa na bibi yake, ambaye hajawahi kukaa darasani. Mmoja wetu aliuliza atatuharibia wastani kiasi gani. Mwingine alitaka aanzie la kwanza na watoto wa miaka sita, kwa kuwa utaratibu ndivyo ulivyo. Mimi nilisema nimpate mchana, baada ya vipindi, mpaka tujue anajua nini. Mwalimu mkuu akauliza nani atanilipa kwa saa hizo. Nikamwambia hilo tutalizungumza baadaye. Binti anafika saa nane, na anazijua bei zote za genge la bibi yake.