Sungura Analia

Ijumaa moja ya Januari 2010 nilishuka katika kituo cha Anoka kutoka Minneapolis, kwa treni ya Northstar iliyokuwa na miezi miwili tu tangu ianze safari. Dada yangu mdogo alinisubiri ndani ya gari. Hakuniamkia. "Kaka," alisema kabla sijafunga mkanda, "umemwandikia mtoto kitu gani?"

Nilikuwa nimemwandikia hadithi. Mpwa wangu alikuwa na miaka minane, na Kiswahili kilikuwa kinamtoka, basi kila wiki niliweka katika tovuti yangu ndogo kisa cha sungura na fisi. Wiki ile, programu ya kuchuja intaneti aliyoiweka shemeji iliufunga ukurasa na kutangaza kwamba una mambo ya ngono. Usiku shemeji alinikaribisha chakula kwa adabu zote, ila hakuniacha hata dakika moja peke yangu na mtoto.

Walipolala, niliketi mbele ya kompyuta yao nikiijaribu hadithi sentensi baada ya sentensi. Nilipofuta "sungura analia", ukurasa ulifunguka. Nikaandika "fisi analala", ukafungwa. "Fisi amelala", ukafunguka. Hapo nikaelewa. Kila kitenzi chetu kinachoanza na l, kikiwa katika nafsi ya tatu umoja na wakati uliopo, huanza kwa herufi nne ambazo kwa Kiingereza ni neno la tupu ya nyuma. Analima, analipa, analea, analinda: yote hayo ni uchafu machoni pa mashine isiyojua neno linaanzia wapi na kuishia wapi.

Sisemi shemeji alikosea kuiweka. Huko huko Minneapolis, wakutubi 12 wa maktaba ya umma walilalamika kwa tume ya shirikisho ya usawa kazini kwamba picha za ngono ambazo wateja walizifungua kwenye kompyuta za maktaba zimeigeuza kazi yao mateso. Mwaka 2001 tume iliwaunga mkono, na mwaka 2003 maktaba ikakubali kulipa dola 435,000. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha sheria inayozitaka maktaba zinazopokea fedha za shirikisho za intaneti ziweke vichujio.

Ugomvi ulionigusa mimi ni mwingine: nani ana haki ya kuisoma orodha ya vilivyokatazwa? Mwaka 1996 mwanafunzi Bennett Haselton alianzisha kundi la Peacefire, akaeleza kwamba programu ya CYBERsitter inafunga hata tovuti ya National Organization for Women, jumuiya ya kutetea haki za wanawake. Kampuni ya Solid Oak, iliyoitengeneza, ilimtishia kwa sheria, kisha ikaitia tovuti ya Peacefire katika orodha ileile. (Jibu la namna hiyo hata kwetu tunalifahamu.) Mwaka 2000 Eddy Jansson na Matthew Skala walifumbua orodha ya Cyber Patrol, wakashtakiwa. Watengenezaji walishikilia kwamba orodha ni mali iliyowagharimu jasho. Hoja hiyo siipuuzi. Nimewahi kukusanya istilahi kwa miaka mitatu na najua uchungu wake. Lakini orodha yangu haikumtuhumu mtu. Mwishoni mwa mwaka huo wenye mamlaka ya hakimiliki Marekani waliruhusu orodha za namna hiyo zifumbuliwe. Ruhusa ikarudiwa 2003, na 2006 haikurudiwa tena. Usiku ule wa Anoka, basi, nilikuwa nimebakiwa na kupapasa tu.

Asubuhi nilimwonyesha shemeji. Alicheka hadi machozi, akanimiminia chai mara mbili bila kuulizwa, na kwa watu wa Tanga hiyo ni radhi tosha. Watengenezaji niliowaandikia hawakujibu. Nikaihamishia hadithi nzima katika wakati uliopita.

Wiki iliyofuata mpwa wangu alinipigia simu. "Shikamoo, mjomba. Sungura alilia zamani, nimesoma. Na sasa hivi je, anafanya nini?"