Saratani haipiti kwenye kikombe

Mwaka jana, nyumbani kwetu Kolandoto, bibi alitengewa sahani na kikombe chake. Ana saratani ya mlango wa kizazi. Hakuna aliyemfukuza, ila wajukuu waliambiwa wasilale naye tena.

Kwa kuwa naandika habari za afya, baba mdogo aliniuliza: "Si mnasema saratani inasambaa?"

Inasambaa, lakini ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Seli zote hutoa vifuko vidogo mno, ambavyo hadubini ya kawaida haivioni, kupelekeana ujumbe. Vifuko vya seli za saratani hubeba protini na maelekezo yanayoweza kuzigeuza seli jirani ziusaidie uvimbe: mishipa ya damu inaota kuulisha, na askari wa kinga wanalegea. Kula au kulala na mgonjwa hakukupi saratani yake.

Kinachoambukiza ni virusi vya HPV, chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Navyo huenea hasa kwa kujamiiana, si kwa sahani.

Baba mdogo alinyamaza, kisha akasema: "Kumbe tumemwadhibu bure."

Wazazi, chanjo ya HPV ni bure. Mwaka 2024 Tanzania ilianza kutoa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mama akitokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, awahi hospitali. Na mgonjwa mliye naye, kuleni naye.